Matege: mfupa unapokosa madini

Neno matege hutaja umbo: mwenye matege akisimama na kuunganisha vifundo vya miguu, magoti yake hayagusani. Madaktari wamelichukua neno hilo hilo kuutaja ugonjwa wa mifupa ya watoto, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa kuwa ugonjwa wenyewe huanza miezi mingi kabla ya mguu kupinda, na tena ipo miguu mingi iliyopinda isiyo na ugonjwa wowote. Kila mtoto mchanga huwa na miguu ya mviringo kwa jinsi alivyojikunja tumboni. Kwa kawaida hunyooka akikaribia miaka 2, magoti yakaelekea ndani kiasi akiwa na miaka 3 au 4, kisha yakajiweka sawa afikapo miaka 7. Ninapoandika matege hapa nina maana ya ule ugonjwa: hali ya mfupa unaokua kukosa kalsiamu na fosfeti za kuufanya mgumu.

Mfupa wa mtoto hurefuka kwenye ncha zake, mahali penye tabaka la gegedu, ile tishu ngumu kiasi inayopindika kama ya sikio. Gegedu hilo hukua, hukomaa, kisha hujazwa madini likawa mfupa, kama zege linavyomiminwa kwenye nondo ambazo fundi ameshazifunga. Madini yasipofika, nondo huzidi kufungwa na zege haliji. Ncha ya mfupa hutanuka, ikabaki laini, na uzito wa mwili ukaipinda.

Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Ile kidogo iliyobaki kwenye damu ndiyo inayoendesha moyo, misuli na neva, kwa hiyo mwili huilinda kwa gharama yoyote. Ikianza kupungua, tezi nne ndogo zilizo shingoni hutoa homoni inayochota kalsiamu mifupani na kuzifanya figo ziizuie isitoke na mkojo, lakini homoni hiyo hiyo huzifanya figo ziimwage fosfeti. Ndiyo sababu karatasi ya maabara inaweza kuonyesha kalsiamu ya kawaida kabisa ilhali fosfeti iko chini na alikalini fosfatazi, kimeng'enya cha seli zinazojenga mfupa, kimepanda mno. Kalsiamu hiyo imekopwa kutoka mfupani, na anayeusoma mstari wa kalsiamu peke yake atamrudisha mama nyumbani akimwambia kwamba mtoto hana neno.

Vitamini D huingia hapa kwa kuuwezesha utumbo kuichukua kalsiamu ya chakula. Ikikosekana, utumbo hufyonza asilimia 10 hadi 15 tu. Ikitosha, hufyonza asilimia 30 hadi 40. Sehemu kubwa ya vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi inapopigwa na miale ya urujuanimno ya jua. Huko Berlin, katika majira ya baridi ya 1918 na 1919, daktari Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wa matege kwa kuwaweka mbele ya taa ya zebaki inayotoa miale hiyo, na mifupa yao ikapona.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, inakuwaje mtoto wa Nairobi akose jua, ilhali mji uko kusini tu mwa ikweta, hata kilomita 150 haufiki, na umeinuka karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Jibu liko ndani ya nyumba. Ghorofa za mtaa wa Pipeline zimebanana kiasi kwamba aliye kwenye roshani anaweza kumpa jirani wa jengo la pili chumvi mkono kwa mkono, na katika korido za chini taa huwashwa saa sita mchana. Nyumba za mabati za mitaa ya mabanda ya Mukuru na Kibera nyingi hazina dirisha. Mama anayeondoka alfajiri kwenda kibaruani humwacha mtoto kwa mlezi, na mlezi mwenye watoto kadhaa katika chumba kimoja huona ni salama zaidi kuufunga mlango. Mwezi Julai, mawingu yanapotanda wiki nzima, mtoto hufungwa shali na kofia hadi yakabaki macho. Ngozi nyeusi nayo huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini D kidogo sana. Nitaje pia kioo: mtoto anayeoteshwa jua nyuma ya dirisha lililofungwa hupata joto tu, maana kioo huzuia karibu miale yote inayotengeneza vitamini hiyo.

Hata hivyo jua si hadithi yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Nigeria wenye matege ulionyesha kwamba wengi wao hawakupungukiwa sana na vitamini D. Chakula chao kiliwapa takriban miligramu 200 tu za kalsiamu kwa siku, na waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini peke yake. Kwetu, mtoto anayeachishwa ziwa kwa uji wa mahindi, ugali na chai ya maziwa haba hana tofauti kubwa na hao, kwa kuwa asidi ya fitiki iliyo katika nafaka huishika kalsiamu isifyonzwe. Omena wanaoliwa na mifupa yao, maziwa mala na sukuma wiki huleta kalsiamu inayofyonzeka vizuri. Terere, yaani mchicha, inayo nyingi kwenye jedwali la virutubisho, ila kemikali yake iitwayo oksaleti huifunga isifyonzwe.

Kliniki, mhudumu mzoefu hutazama mikono kabla ya miguu. Hukishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili akahisi unene usio wa kawaida, kama kwamba kuna kifundo cha pili. Hupitisha kidole kifuani, na pale mbavu zinapokutana na gegedu hukutana na vinundu vilivyopangana kama tasbihi. Utosi huchelewa kufunga, meno huchelewa, na mtoto aliyekuwa akisimama huacha kusimama kwa sababu ya maumivu. Vichomi (nimonia) vya mara kwa mara ni dalili nyingine, na mara nyingine ya kwanza kuonekana ni degedege, kalsiamu ya damu ikishashindwa kulindwa. Picha ya eksirei ya kifundo cha mkono huthibitisha: ncha ya mfupa huonekana imechakaa na kubonyea kama kikombe.

Tiba, kwa mujibu wa mwafaka wa kimataifa wa mwaka 2016, ni vitamini D yuniti za kimataifa (IU) 2,000 kila siku kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, yuniti 3,000 hadi 6,000 kwa wa mwaka 1 mpaka 12, na 6,000 kwa aliyezidi hapo, kwa muda usiopungua siku 90, pamoja na kalsiamu miligramu 500 kwa siku kutoka kwenye chakula au dawa. Neno "pamoja" lina uzito wake: vitamini ikipewa peke yake, mfupa wenye njaa huanza kuyavuta madini, na kalsiamu ya damu inaweza kushuka hadi mtoto apate degedege. Mwenye degedege tayari hupewa kalsiamu glukoneti mshipani, polepole, moyo ukifuatiliwa, na sindano ikilindwa isivuje nje ya mshipa, kwani dawa hiyo huunguza nyama. Kumwongezea mtoto matone nyumbani kwa kudhani atapona upesi ni hatari, maana vitamini D ikizidi huipandisha kalsiamu na kuziumiza figo. Kinga ni yuniti 400 kwa siku katika mwaka wa kwanza.

Maumivu huisha kwanza. Eksirei inayorudiwa baada ya miezi 3 huwa na mstari mweupe kwenye ncha ya mfupa, madini yakiwa yameanza kuingia. Mstari huo usipokuwapo na dawa ilitumika, daktari hutafuta chanzo kingine, kama vile figo zinazopoteza fosfeti kwa kurithi, au floraidi iliyozidi katika maji ya kisima, jambo linalojulikana sana Nakuru na Naivasha na lililo pia katika baadhi ya visima vya Nairobi. Miguu yenyewe hunyooka polepole, mara nyingi kwa mwaka au zaidi kadiri mtoto anavyokua, na upasuaji hufikiriwa tu baada ya vipimo vya damu kurudi sawa, kwa kuwa mfupa ulionyooshwa ungali laini hupinda tena.