Mazoezi ya gita kwa anayeanza: watu wanavyodhani na ukweli ulivyo

Wengi wanaamini ukikaa na gita masaa matatu Jumamosi umefidia wiki nzima. Hapana, mikono inashika kitu ukikirudia leo, kesho na keshokutwa, yaani dakika 20 kila siku zinakufikisha mbali kuliko masaa matatu ya mkupuo ambayo nusu yake vidole vishachoka na unarudia makosa tu.

Eti vidole vyangu havifai gita. Django Reinhardt, mpiga gita maarufu wa jazi, aliungua mkono wa kushoto kwenye moto mwaka 1928, vidole viwili vikaharibika vibaya, na solo zake alizipiga zaidi kwa viwili vilivyobaki.

Alafu kuna hii inayoniuma kabisa maana ndo inafanya watu waache gita: eti mazoezi ni kupiga wimbo mwanzo mpaka mwisho, ukikosea unaanza upya. Jamani hapo unazoeza mwanzo wa wimbo ambao tayari unaujua! Kama unakwama kutoka kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya C kwenda ya G, toa hiyo sehemu, ipige peke yake, C, G, C, G, weka saa dakika moja uhesabu umebadilisha safi mara ngapi, andika, kesho hesabu tena. Na uangalie vidole vinafanya nini, mfano kodi ya Am kwenda C huna haja ya kunyanyua mkono wote, kidole cha shahada na cha kati vinabaki palepale, cha pete tu ndo kinatoka uzi wa tatu (ukihesabu kuanzia ule mwembamba kabisa) freti ya pili, yaani nafasi ya pili kati ya vyuma vya shingo ya gita, kinaenda uzi wa tano freti ya tatu. Mtu anahangaika wiki nzima na kodi hizo mbili kumbe anahamisha vidole ambavyo havikutakiwa kuhama.

Kwamba spidi inakuja ukipiga kwa spidi, sio kweli, ukikimbia unazoea makosa. Anza na metronomu (kifaa kinachogonga mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika au hata chini, ikitoka safi ndo upandishe kidogo.

Na uzi ukikwaruza usikimbilie kubonyeza kwa nguvu zote, mara nyingi kidole kiko mbali na chuma cha freti, kisogeze kikae nyuma yake karibu kabisa na utaona nguvu ndogo inatosha. Ncha za vidole kuuma ni kawaida, ngozi inakomaa baada ya wiki chache, ila kiwiko au kifundo cha mkono kikiuma weka gita chini siku hiyo.