Panya wa Marekani na kitochi cha mama wa Kongwa

Jumamosi nilikuwa kwenye benchi la fundi simu, soko la Majengo, nasubiri kioo. Akaja mama mmoja wa Kongwa na kapu lake la karanga, akafungua pindo la khanga kifuani, akatoa kitochi. "Haikai na chaji, mwanangu."

Fundi akaipokea. "Mama, simu usiweke kifuani, ina mionzi. Wazungu walijaribu kwa panya, wote wakafa na kansa."

"Wote?" mama akauliza. "Basi leo naitundika ghalani. Wamenimalizia mtama."

Tulicheka, ila fundi hakutunga. Utafiti upo, tatizo ni jinsi unavyosimuliwa vijiweni.

"Panya wote walipata kansa"

Hapana. Kazi hiyo ilifanywa na NTP, mpango wa serikali ya Marekani unaochunguza sumu. Ilichukua zaidi ya miaka 10, ikala dola milioni 30, na ripoti za mwisho zikatoka Novemba 2018. Panya wakubwa na vipanya waliwekwa kwenye vyumba maalumu, wakapigwa mawimbi ya 2G na 3G mwili mzima: dakika 10 yanawaka, dakika 10 yanazimwa, jumla saa 9 kwa siku, hadi miaka miwili. Wale wakubwa walianza wakiwa bado tumboni mwa mama zao. Kiwango cha chini walichopigwa kililingana na cha juu kabisa ambacho sheria inaruhusu kwenye sehemu ya mwili wa mtumia simu. Cha juu kilikuwa mara nne ya hicho.

Kati ya panya madume 90 wa kila kundi la kiwango cha juu, waliopata uvimbe wa saratani moyoni walikuwa 5 kwa 2G na 6 kwa 3G. Kati ya madume 90 ambao hawakupigwa, hakuna hata mmoja. NTP wakauita huo ushahidi wa wazi. Kwa uvimbe wa ubongo wa madume walisema upo ushahidi kiasi. Kwa majike na vipanya, mambo hayakueleweka.

Halafu kuna jambo ambalo vijiweni halifiki: madume waliopigwa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wasiopigwa. Ugonjwa wa figo, ambao huwamaliza panya hao uzeeni, uliwapata kwa unafuu. Sijasikia mtu akitangaza kwamba simu inaongeza umri, na asitangaze.

"Mionzi ni mionzi tu"

Hapa lugha yetu inatuponza. Neno moja tunalitumia kwa eksirei, kwa urani inayotajwa kule Bahi, na kwa simu. Eksirei ina nguvu ya kukata vinasaba ndani ya seli. Mawimbi ya simu hayana. Yakizidi sana, yanapasha mwili joto. Hata jua la Dodoma la saa saba mchana lina miale yenye nishati kubwa kuliko ya simu, muulize mwenye ualbino anayetafuta kofia pana. Ndiyo maana wale panya 5 na 6 waliwashangaza wanasayansi.

"Shirika la Afya Duniani limeshasema ni kansa"

Mwaka 2011 wakala wake wa saratani, IARC, uliweka mawimbi hayo kundi la 2B, yaani "huenda" yanasababisha saratani. Kundi hilo lina pia achari za mboga za kienyeji za Asia. Mwaka 2024 mapitio yaliyoagizwa na Shirika hilo, ya tafiti 63 za binadamu, hayakuona simu ikiongeza saratani ya ubongo. Mwaka 2025 mapitio mengine yaliyoagizwa na Shirika hilohilo, safari hii ya wanyama, yakasema ushahidi wa uvimbe wa moyo na ubongo kwa panya madume ni wa uhakika mkubwa. Kila upande hunukuu yanayoufaa. Mimi nayachukua yote mawili: panya wamesema kitu, na miaka ya watu kuongea na simu haijakionyesha kwa binadamu.

"Hatari ni mnara, simu haina neno"

Taasisi ya Ramazzini ya Bologna, Italia, ilipima panya 2,448 kwa mawimbi kama ya mnara, saa 19 kwa siku hadi wafe, na uvimbe wa moyo ukaongezeka kwa madume wa kiwango cha juu kabisa, volti 50 kwa mita. Mitaani vipimo huwa chini mno ya hapo. Kinachokukaribia ni simu yenyewe, na ukiwa mbali na mnara ndipo inapojikakamua zaidi kuutafuta. Kwa hiyo anayeufukuza mnara kijijini anaongezewa mawimbi sikioni.

Nilimwambia mama hivyo. Akasema kwao mtandao unashika juu ya jabali tu, nyuma ya zizi, na mstari ni mmoja.

"Na ukiongea, unaweka sikioni?"

"Sikio lenyewe halisikii, mwanangu. Naweka spika, naishika mbali, na kijiji kizima kinasikia shida zangu."