Gavana "Amebanduliwa" Lini? Kitenzi Kinachoitangulia Sheria

Kila mara Bunge la Kaunti linapopiga kura dhidi ya gavana, simu katika idara yetu huanza kulia kabla jua halijatua, na swali huwa lile lile: ikiwa gavana amebanduliwa, mbona kesho yake bado anaingia ofisini, anatia saini hati na kupeperusha bendera kwenye gari lake? Wanaopiga simu ni wananchi wenye nia njema, ila wengi wao huamini kwamba kuna amri inayokaidiwa na kwamba sisi tunaifumbia macho. Hakuna amri iliyokaidiwa. Habari waliyoisoma imetumia kitenzi cha mwisho kulitaja tukio la mwanzo.

Kubandua ni kinyume cha kubandika, kama kufungua kulivyo kinyume cha kufunga. Bango likishabanduliwa haliko tena ukutani, na msomaji wa Kiswahili akiona "Gavana abanduliwa" ana haki ya kuelewa kwamba kiti ki wazi. Kung'oa kunaongeza ukali bila kuongeza usahihi. Kung'atua nako kumetokana na kung'atuka, neno ambalo Mwalimu Julius Nyerere alilieneza alipoachia urais wa Tanzania mwaka 1985 kwa hiari yake, jambo lisilofanana hata kidogo na kura ya kumwondoa mtu kwa nguvu ya sheria.

Mkanganyiko huu una mzizi katika tafsiri. Kitenzi cha Kiingereza "impeach", katika habari za Marekani, humaanisha kumfungulia kiongozi mashtaka mbele ya chombo kingine kitakachoamua. Bill Clinton alifunguliwa mashtaka hayo na Baraza la Wawakilishi mwaka 1998, Seneti ikamwondolea lawama mwaka 1999, naye akamaliza muhula wake. Donald Trump alifunguliwa mashtaka mara mbili, mwaka 2019 na 2021, na mara zote mbili Seneti haikumtia hatiani. Aliyesoma kwamba viongozi hao "walibanduliwa" alisoma jambo ambalo halikutokea.

Hapa Kenya, Kifungu cha 181 cha Katiba kinataja sababu za kumwondoa gavana, na Kifungu cha 33 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinaeleza njia. Mwakilishi wadi huwasilisha ilani kwa Spika akiungwa mkono na angalau thuluthi moja ya wajumbe wote. Hoja ikiungwa mkono na angalau thuluthi mbili ya wajumbe wote (tafadhali zingatia neno "wote", kwa kuwa hesabu haifanywi kwa waliohudhuria siku hiyo), Spika wa kaunti humwarifu Spika wa Seneti katika muda wa siku 2, na sheria inasema waziwazi kwamba gavana ataendelea kutekeleza majukumu yake hadi shauri liishe. Katika muda wa siku 7 baada ya kupokea taarifa hiyo, Spika wa Seneti huitisha kikao cha kusikiliza mashtaka. Seneti inaweza kuunda kamati maalum ya maseneta 11, ambayo hupewa siku 10 kuchunguza na kuripoti. Kamati ikiona kwamba madai hayajathibitishwa, shauri hufungwa hapo. Ikiona yamethibitishwa, gavana hupewa nafasi ya kujitetea, kisha Seneti hupiga kura, na shtaka hata moja likikubaliwa na wingi unaotakiwa, gavana hukoma kushika wadhifa. Hapo, na si kabla, ndipo kitenzi "amebanduliwa" kinapokuwa cha kweli.

Gavana Anne Waiguru wa Kirinyaga alipigiwa kura ya kumwondoa na Bunge la Kaunti mwezi Juni 2020, kamati ya Seneti ikaona kwamba madai hayakuthibitishwa, naye akachaguliwa tena mwaka 2022. Kule Meru, Kawira Mwangaza alipigiwa kura ya kumwondoa na wawakilishi wadi mwaka 2022, 2023 na 2024, na ni mara ya tatu tu ambapo Seneti ilikubaliana nao. Mtu anawezaje kubanduliwa mara tatu kutoka kwenye kiti kimoja? Nimelieleza jambo hili mara nyingi mno, na nakiri kwamba hunichosha kusikia mtu akisema Seneti "ilimrudisha" gavana kazini, kana kwamba aliwahi kutoka. Hata Naibu Rais Rigathi Gachagua, baada ya Bunge la Taifa kupitisha hoja dhidi yake kwa kura 281 tarehe 8 Oktoba 2024, alibaki Naibu Rais hadi Seneti ilipoidhinisha mashtaka 5 kati ya 11 tarehe 17 mwezi huo.

Wahariri wanaweza kuandika kwamba Bunge la Kaunti "limepitisha hoja ya kumbandua" gavana, au kwamba gavana "anakabiliwa na mashtaka mbele ya Seneti". Sentensi hizo ni ndefu kidogo kwa kichwa cha habari, lakini hakuna lililopotoshwa. Kuandika "ameshtakiwa" peke yake hakutoshi, kwa sababu msomaji hudhani ni kesi ya jinai. Mashtaka ya jinai hufunguliwa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma chini ya Kifungu cha 157 cha Katiba, husikilizwa na mahakama, na mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Seneti haimfungi mtu jela wala kumtoza faini.

Adhabu inayoweza kufuata ni ya kisiasa. Aliyeondolewa kwa kukiuka masharti ya maadili yaliyotajwa katika Kifungu cha 75 cha Katiba hawezi kushika wadhifa mwingine wa Serikali, na Kifungu cha 99 kinamzuia kugombea ubunge mtu aliyepatikana kuwa alitumia vibaya wadhifa wa umma. Hata hivyo, kizuizi hicho cha Kifungu cha 99 hakianzi kufanya kazi hadi nafasi zote za rufaa na mapitio ziishe. Kwa hiyo, habari inayosema kwamba fulani "amefungiwa siasa" jioni ile ile ya kura ya Seneti imetangulia sheria kwa mara ya pili.