Kwa nini Musandam ni ya Oman ilhali Emirati ziko katikati?

Ukitoka Muscat kwa gari kwenda Khasab, makao makuu ya mkoa wa Musandam, unaiacha Oman, unakatisha Umoja wa Falme za Kiarabu (ndizo Emirati), kisha unaingia Oman tena. Mkoa wenyewe ni rundo la milima ya mawe ya chokaa inayoporomoka hadi baharini kwenye Mlango wa Hormuz. Jabal Harim unapita mita 2,000. Nani aliukata ukabaki peke yake?

Wengi humtupia lawama Mwingereza na rula yake. Wengine hudai Emirati zilimega kipande cha Oman. Hilo la pili halisimami, kwani Umoja huo ulizaliwa mwaka 1971, na Musandam ilikuwa upande wa Sultani wa Oman, mwenye makao Muscat, kabla ya hapo. Na la rula? Rula huacha mistari iliyonyooka, ilhali ramani ya huku ni viraka vitupu. Mwingereza mkono wake upo, ila kazi kubwa ilikuwa kuuliza maswali. Katika miaka ya 1950 afisa wao Julian Walker alizunguka kijiji kwa kijiji akitaka kujua: ninyi mnamtii nani, na zaka yenu mnampa nani?

Hapo ndipo penye siri. Chukua mtaa mmoja wa Kariakoo, paka kila nyumba rangi ya timu ya mwenye nyumba, Simba au Yanga. Hutapata mpaka mmoja. Utapata nyekundu, kisha kijani tano, kisha nyekundu tena ndani ya kijani. Sasa itangaze kila rangi kuwa nchi. Washihuh wa milima ya Musandam walihesabiwa kwa Sultani wa Muscat, wa ukoo uleule wa Busaidi uliotawala Zanzibar. Majirani zao wa pwani walikuwa na masheikh wao. Tusitie chumvi lakini: huko juu milimani, utii kwa Muscat mara nyingi ulikuwa mwepesi kuliko ramani inavyoonyesha.

Kiraka kitamu zaidi ni Madha, kama kilomita za mraba 75, kimezungukwa pande zote na Emirati. Husimuliwa kwamba wazee wake walimchagua Sultani wakiamini angewalindia maji yao. Simulizi ina harufu ya kupambwa, ila uchaguzi wenyewe ulishika. Na ndani ya Madha kuna Nahwa, kijiji cha Sharjah, mojawapo ya Emirati. Yaani Emirati ndani ya Oman ndani ya Emirati, bila kizuizi hata kimoja barabarani.

Kiutawala, Musandam ni mmoja wa mikoa 11 ya Oman na ina wilaya nne: Khasab, Bukha, Daba na Madha, kila moja na liwali wake. Madha haigusani na tatu zile. Liwali wake akiitwa kikaoni Khasab, barabara yake inapita nchi ya watu.