Pengo la nguvu: kwa nini mhusika mmoja humzidi mwingine

Anayeingia Old School RuneScape, gemu ya mtandaoni, kwa mara ya kwanza hupewa mhusika mwenye damu 10, yaani pointi za uhai, na upanga wa shaba. Akimaliza mafunzo ya kisiwani hupelekwa Lumbridge, na vita vyake vya kwanza huwa mara nyingi dhidi ya kuku wa shambani. Wakati yeye na kuku wanagombana, pembeni hupita mchezaji wa ngazi ya mapigano 126, ambayo ndiyo ya mwisho. Huyo hageuzi hata shingo. Kuku wale kwake ni kama hawapo.

Tofauti iliyopo kati ya hao wawili ndiyo pengo la nguvu. Haitokani na akili wala wepesi wa vidole, imeandikwa kwenye kumbukumbu za seva: ngazi alizopanda mhusika, vifaa alivyovaa, ujuzi aliokwisha kufungua. Mpe mgeni simu ya yule wa 126, na dakika hiyo hiyo kuku wote wa Lumbridge ni wake. Mkongwe naye akifungua akaunti mpya atarudi kumtolea kuku jasho, ingawa anaijua nchi ile njia kwa njia.

Chukua bao la kujua uone tofauti. Wanaokaa kulizunguka huanza sawa, kila mmoja na kete 32, 10 zimepangwa ubaoni na 22 ziko mkononi. Bingwa akimfunga mwanafunzi wake, ubingwa wote umo kichwani mwake, na ubao wenyewe haumjui wala haumpendelei. Katika gemu za wahusika mtandaoni ubao unamjua bingwa. Unakumbuka kila siku aliyokuja, na siku ya pili unamwongezea kete. Kitendo hicho cha ubao kumwongezea mtu kete kidogo kidogo ndicho wachezaji wanachokiita kupanda levo, na kwa jina pana zaidi, ukuaji wa mhusika. Ukuaji na pengo ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili: unachokiona wewe kama maendeleo yako, aliyeingia jana anakiona kama umbali.

Mtindo huu ulikuwepo kabla ya intaneti kuenea. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974 katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi na dadu ambao mhusika hukusanya pointi za uzoefu na kupanda ngazi. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika MUD, dunia ya maneno matupu kwenye kompyuta ambayo watu wengi waliingia kwa pamoja, na Richard Bartle akaiendeleza. Humo aliyefika kileleni alipewa cheo cha mchawi, na mchawi alikuwa na mamlaka juu ya dunia yenyewe na wachezaji waliomo. Pengo kubwa kuliko hilo sidhani limewahi kuwekwa makusudi.

Ili kulielewa pengo inabidi uangalie mkunjo wake, yaani ngazi moja inagharimu kiasi gani ukilinganisha na iliyotangulia. RuneScape ndiyo shule nzuri kwa sababu jedwali lake liko wazi na ni moja kwa kila ujuzi, uwe uvuvi, upishi au upanga. Ngazi ya 2 inahitaji pointi 83. Ngazi ya 50 inahitaji 101,333. Ngazi ya 99 inahitaji 13,034,431. Aliyefika 50, anayejiona yuko katikati ya safari, hajamaliza hata asilimia moja ya pointi zote. Katikati halisi ni ngazi ya 92, yenye pointi 6,517,253. Ni kweli kwamba kadiri unavyopanda unafunguliwa mahali penye pointi nyingi zaidi kwa saa, kwa hiyo saa zenyewe si nyingi kama tarakimu zinavyotisha. Hata hivyo ngazi saba za mwisho ni nusu ya mlima.

Watu hulilalamikia jedwali hili kwamba linawatesa wageni. Mimi naona linawalinda. Tazama: kila baada ya ngazi saba hivi, jumla ya pointi zinazohitajika huongezeka mara mbili. Maana yake ni kwamba mtu aliyekusanya pointi mara mbili ya zako anakuzidi ngazi saba tu. Aliyekusanya mara nne anakuzidi kumi na nne. Juhudi zinaongezeka kwa kuzidishwa, lakini ngazi zinaongezeka kwa kujumlishwa, na kwa njia hiyo mkongwe wa miaka mingi hawezi kukimbia mpaka asionekane. Kama kila ngazi ingegharimu sawa na iliyotangulia, aliyeanza mapema na kucheza bila kulala angekuwa mbali kiasi kwamba mgeni angeona hakuna hata haja ya kujaribu.

Hiyo ni ngazi. Nguvu ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanaona mhusika mwenye shambulio mara mbili na damu mara mbili, wanasema anawazidi mara mbili. Tufanye hesabu kwa mfano wangu mwenyewe. Asha ana damu 1,000 na kila sekunde anapiga pigo la 100. Juma ana damu 2,000 na anapiga 200. Wakipambana, Juma anammaliza Asha kwa sekunde tano, na katika sekunde hizo tano amepoteza damu 500 tu. Akiletewa Asha mwingine, na mwingine tena, anawaangusha watatu mfululizo bila kunywa dawa yoyote, na ni wa nne ndiye wanayeangushana naye pamoja. Mara mbili juu ya mara mbili imezaa mara nne. Ongeza ngao inayopunguza pigo, ongeza bahati ya kukwepa, ongeza dawa inayorudisha damu: kila kimoja kinazidishwa na vingine. Ndiyo maana mtu anaweza kukuzidi kidogo katika kila kifaa alichovaa, na bado mkikutana usidumu naye kwa muda wa kuandika salamu.

Gemu nyingi humwonya mchezaji kwa rangi. Katika World of Warcraft ya mwaka 2004, tarakimu ya ngazi ya dubwana lililo sawa nawe huonekana ya njano. Kijani ni dhaifu kuliko wewe, rangi ya chungwa amekuzidi, nyekundu kimbia. Kijivu ni yule aliye chini mno, ambaye ukimuua hupati pointi hata moja. Ile kijivu ni kanuni ya busara kuliko inavyoonekana, kwa sababu bila hiyo wakubwa wangebaki kuvuna kwenye mashamba ya wadogo.

Lakini kanuni hizi za kuzuia mavuno ya bure zina maumivu yake, na maumivu hayo huwapata marafiki. Mimi na binamu yangu tuliingia gemu moja tukitofautiana majuma matatu tu. Alipoanza, mimi nilikuwa ngazi ya 38, yeye akiwa ya 12 baada ya siku chache. Nikimsindikiza, madubwana yalikufa kabla hajainua fimbo, na pointi zilizomfikia zilikuwa makombo. Yeye akinifuata kwangu, pigo moja lilimtosha. Tulikuwa tunaongea kwenye simu usiku kucha tukiwa nchi mbili tofauti za dunia moja, kila mtu na kazi zake, mpaka akaacha. Ninapoandika kuhusu pengo la nguvu ninamfikiria yeye. Kupigwa na mgeni usiyemjua kunasahaulika. Kushindwa kucheza na mtu uliyemfuata humo ndani hakusahauliki.

Watengenezaji wameliona hilo na wametafuta dawa. City of Heroes, ya mwaka 2004, ilimruhusu mkubwa kumchukua mdogo kuwa msaidizi wake, na kwa muda wote wakiwa pamoja mdogo alihesabiwa kuwa ngazi moja tu chini ya kiongozi wake. Guild Wars 2, ya mwaka 2012, ilikwenda upande wa pili: mkubwa akiingia eneo la wageni anashushwa mpaka karibu na ngazi ya eneo hilo, hivyo nyati wa porini bado ana la kumwambia. Naipenda zaidi njia hii ya pili. Ile ya kwanza humkopesha mdogo nguvu asizozijua matumizi yake; hii humwacha kila mmoja na ujuzi wake, na ramani yote inabaki kuwa na kazi ya kufanya.

Guild Wars 2 ilifanya na jambo jingine ambalo ni adimu. Ngazi ya mwisho ilikuwa 80 ilipotoka, na mpaka leo ni 80. Vifaa vya daraja la juu kabisa vinazidi vya daraja linalofuata kwa takriban asilimia 5 tu, na vile vya kifahari ambavyo watu huvisaka kwa miezi havina nguvu zaidi ya hivyo. Faida yake ni urembo na urahisi wa kubadilisha matumizi. Badala ya kuongezewa nguvu, tangu 2015 mchezaji anafunguliwa uwezo mpya, kama kuruka kwa mabawa kutoka mlimani. Huo ndio ukuaji wa kutanuka, tofauti na ule wa kupanda. Anayetanuka anapata njia nyingi zaidi za kufanya jambo bila kumfanya jirani awe mdogo.

World of Warcraft ilichagua kupanda, kisha ikabidi iwe inavunja ngazi zake yenyewe. Kikomo kilikuwa 60. Januari 2007 nyongeza ya kwanza ya gemu ilipokipeleka 70, vifaa vya kijani, yaani vya daraja la chini, vya kazi za mwanzo kabisa kule Hellfire Peninsula, eneo jipya la nyongeza hiyo, vilikaribia au kupita vingi vya zambarau, vya daraja la juu, ambavyo vikosi vya watu 40 walikuwa wamevihangaikia majuma kwa majuma. Wakongwe waliumia, na walikuwa na haki ya kuumia. Kwa aliyechelewa ilikuwa neema: pengo la miaka miwili lilifungwa jioni moja. Tangu hapo kila nyongeza imerudia tendo hilo, tarakimu zikivimba kila mara mpaka mwaka 2014 ikabidi mapigo na damu vipunguzwe kwa wote kwa mpigo. Kikomo cha ngazi kilifika 120, na mwaka 2020 aliyekuwa 120 akashushwa kuwa 50 ili kikomo kipya kiwe 60 tena. Hakuna aliyepoteza kitu katika upunguzaji huo, maana madubwana nayo yalipunguzwa. Nguvu ni uwiano, na tarakimu inayoandikwa juu ya kichwa cha mhusika haina maana yoyote mpaka ujue inashindanishwa na nini.

Kuna pengo ambalo silitetei hata kidogo, lile linalonunuliwa kwa bahati nasibu. Lineage ya Korea Kusini, iliyotoka 1998, ilieneza desturi ya kuimarisha silaha kwa hati za uchawi: jaribio likifaulu, upanga unapanda daraja, likishindwa, upanga unateketea. Kwenye desturi ya namna hiyo gemu nyingi za baadaye zimejenga biashara ya kuuza majaribio kwa pesa halisi. Hapo mkunjo niliousifu unageuka sumu, kwa sababu kila daraja ni ghali kuliko lililopita na kinachotolewa si saa za mtu tena, ni mshahara wake. Machi 2024 sheria ya Korea Kusini ilianza kuzilazimisha kampuni kutangaza uwezekano wa kupata kila kitu kinachouzwa kwa bahati. Kutangaza hakulifungi pengo, ila angalau mnunuzi anajua anaruka mto wa upana gani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Iceland. EVE Online, gemu ya vyombo vya angani ya kampuni ya CCP, ilizinduliwa 2003, na humo ujuzi hujifunzwa kwa saa za ukutani: unachagua somo, unazima kompyuta, linaendelea lenyewe. Ukisikia hivyo unadhani wa 2003 hashikiki milele, kwa kuwa saa hazimngoji mtu. Lakini kila somo lina madaraja matano tu. Katika somo jepesi kabisa, daraja la nne linafikiwa kwa pointi 45,255 na la tano kwa 256,000. Kwa kawaida kila daraja linaongeza faida ile ile, kwa hiyo anayeishia la nne amepata asilimia 80 ya faida kwa chini ya asilimia 18 ya muda. Mkongwe akishafika la tano hana la sita. Anachoweza ni kujifunza somo jingine, la chombo kingine, na hawezi kurusha vyombo viwili kwa mara moja.

Halafu kuna kazi ya kushika. Mgeni wa siku chache anaweza kurusha chombo kidogo cha bei ya chini chenye kifaa kinachoizuia injini ya adui isiruke kwenda mbali. Manowari kubwa inapotaka kukimbia, kijana huyo anaizunguka kwa kasi karibu sana na ubavu wake, na mizinga mikubwa inashindwa kugeuka upesi ya kutosha kumlenga. Hana nguvu ya kuikwaruza rangi. Anachofanya ni kuishikilia pale pale mpaka wenzake wafike, na aliye ndani ya manowari, mwenye miaka kumi ya masomo, anahesabu sekunde.