Je, wajua foleni peke yake haithibitishi kuwa mji unahitaji barabara ya mchepuo?

Ukiona malori yaendayo Tunduma, mpakani na Zambia, yamekwama Mwanjelwa, katikati ya jiji la Mbeya, jibu huonekana jepesi: yapitishwe nje ya jiji. Lakini foleni haikuambii nani anakwenda wapi. Daladala, bajaji, bodaboda na wateja wa sokoni wana shughuli humo humo. Barabara ya mchepuo hata iwe ya njia nne, hawataigusa. Kinachotafutwa ni wapita njia tu, yaani magari yanayovuka mji bila kuwa na shughuli humo, na kwa kawaida kadiri mji unavyokua ndivyo sehemu yao kwenye foleni inavyopungua, hata malori yakiongezeka.

Hata kuhesabu malori kuna mtego. Ukisimama mashariki ya Uyole, njia panda ya kuingilia jiji, utahesabu na yale ya Malawi, ambayo hukata kushoto pale pale Uyole kuelekea mpaka wa Kasumulu bila kufika Mwanjelwa.

Ndiyo maana wapimaji huweka kituo kwenye kila barabara kuu inayoingia mjini, mara nyingi kwa siku saba, baadhi yake saa 24 kwa sababu ya malori ya usiku. Kila gari huandikwa namba, aina na dakika lilipopita. Ni kama sebule yenye milango miwili: aliyeingia huku na kutokea kule papo hapo hakuja kukaa. Namba iliyoonekana Uyole saa 3:10 asubuhi na Mbalizi, upande wa pili wa jiji, saa 4:00 ni ya mpita njia. Iliyotoka jioni pengine ilikuwa na kazi mjini. Au dereva alilala tu, kwa hiyo baadhi husimamishwa na kuulizwa.

Makosa huanzia kwenye namba. Tarakimu tatu bila herufi hulinganisha magari yasiyohusiana. Tela nalo lina namba yake: kituo kimoja kikiandika ya mbele na kingine ya nyuma, lori moja huwa mawili.

Tuseme kati ya magari 10,000 yaliyoingia, 1,200 yalipita tu. Hiyo ni asilimia 12. Foleni itapungua kidogo mno. Ila lami ina hesabu yake ya ajabu: kwa kanuni iliyotokana na majaribio ya Illinois, Marekani, ya 1958–1960, ekseli (mhimili wa magurudumu) yenye mzigo wa tani 10 huichosha takriban mara 10,000 kuliko ya tani 1. Ni makadirio, na hubadilika kulingana na aina ya barabara. Hata hivyo, mchepuo usioponya foleni unaweza kustahili kujengwa kwa ajili ya lami na usalama, mradi viwanja vya kando visiruhusiwe kufungua milango barabarani, usije nao ukageuka mtaa wa mjini.