Stendi ya Kinanda: Pima Kiwiko Kabla ya Kutoa Hela

Kwenye mkesha mmoja wa kwaya, jukwaa letu lilikuwa mbao zilizolazwa juu ya kreti za soda. Nilikuwa na stendi mpya ya eksi, nimeipandisha hadi tundu la juu kabisa kwa sababu hupiga nimesimama. Waimbaji walipoanza kuruka kwenye pambio la pili, kinanda kikayumba kushoto, kikayumba kulia. Pambio zima nililipiga kwa mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto ulikuwa umekamata ubavu wa kinanda kisianguke. Boksi la stendi ile liliandikwa kwamba inabeba kilo 50. Kinanda changu, Yamaha PSR-SX900, kina kilo 11.5.

Kwa hiyo uzito haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa urefu. Stendi ya eksi ni mabomba yaliyopitana katikati kama mkasi. Ukiishusha, mkasi unafunguka na miguu inatanuka. Ukiipandisha, mkasi unafunga: miguu inakaribiana chini na mikono inakaribiana juu. Kinanda kinapanda huku kinachokishikilia kikipungua upana, na ncha zake mbili zinabaki zikining'inia hewani. Kilo zilizoandikwa kwenye boksi ni za mzigo uliotulia, unaokandamiza kwenda chini. Mikono ya mpigaji haifanyi hivyo. Inasukuma kwenda pembeni, na kwenye mapambio ya haraka inasukuma sana.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue stendi gani, namuuliza kwanza kama anapiga amekaa au amesimama, halafu namwambia apime kiwiko. Vaa viatu unavyopigia, legeza mabega, kunja mkono kama uko kwenye vitufe, mwenzako apime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Mimi napata sentimita 106. Vitufe vikae hapo au chini yake kidogo. Toa unene wa kinanda, ambao kwa SX900 ni karibu sentimita 14, unabaki na 92. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo Kariakoo, na futi mfukoni. Mwambie muuzaji aifungue stendi hadi urefu huo, kisha weka viganja juu ya mikono yake uitikise kwa pembeni. Ikicheza dukani kwenye sakafu ya saruji, jukwaani itakuwa mbaya zaidi.

Kwa anayepiga amesimama, eksi inafaa kama ni ya mabomba mawili mawili, siyo moja moja. Tazama pia ile sahani ya katikati yenye matundu, mahali pini inapoingia. Sahani nyembamba hupanuka matundu baada ya miezi michache, na hapo kila kitu kinaanza kulegea.

Kwa anayepiga amekaa, kama wenzetu wengi wa taarabu, eksi siishauri kabisa. Makutano ya mabomba yako palepale magoti yanapotaka kukaa, kwa hiyo mtu anakaa kwa upande na usiku ukiisha mgongo unauma. Chukua ya zedi, yenye umbo la herufi Z, au ya mfano wa meza. Zina nafasi ya magoti na ya pedali, na upana wake wa chini haubadiliki ukizipandisha. Kinanda cha vitufe 88 ndicho kinachozihitaji zaidi: Roland RD-2000 ina kilo 21.7, na Yamaha Motif XF8 karibu kilo 29. Sijawahi kuweka kinanda cha aina hiyo juu ya eksi, na sitaweka.

Zedi za dukani zina bei. Mimi yangu nilichomelewa na fundi wa mageti, kwa bomba za mraba za inchi moja na nusu. Imefika kilo 12 hivi na haikunjiki, kwa hiyo inakaa kanisani, haisafiri. Ukitaka fundi akutengenezee, mpelekee kinanda chenyewe. Usimpelekee vipimo vya karatasini, kwa sababu vifuniko vya skrubu na miguu ya mpira chini ya kinanda lazima vipate pa kukaa. Mwambie pia asage vichomeleo vyote vilainike, la sivyo vitachana plastiki. Juu ya bomba nilivalisha mpira wa tyubu ya baiskeli, na kinanda hakitelezi hata kidogo.

Wenye vinanda viwili: kizito chini, chepesi juu, na cha juu kisijitokeze mbele kupita cha chini, maana stendi itainama kumwelekea mpigaji.

Ukifika ukumbini, tafuta kwanza mahali pa kusimama, mbali na spika ya besi. Mtetemo wake hulegeza skrubu polepole, huoni mpaka kinanda kimeshuka. Fungua stendi, ingiza pini, kisha iache na usikilize: ikizama sawasawa inalia "ta!" na mkono haugeuki tena. Pini iliyosimama nusu ndiyo inayoangusha vinanda. Bonyeza mikono yote miwili ya stendi kwa uzito wako, ndipo uweke kinanda. Waya wa umeme uzungushe mara moja kwenye mguu wa stendi kabla haujafika kwenye kinanda, ili mtu akiukwaa avute stendi na asing'oe tundu la umeme. Kutengeneza tundu hilo ni gharama, na aghalabu hung'oka katikati ya ibada.

Urefu wangu nimeuweka alama kwa rangi ya kucha, nyekundu, kwenye matundu ninayotumia. Tepu ilikuwa inayeyuka kwa joto na kuacha gundi. Rangi ya kucha ina mwaka wa pili sasa.

Safari ndiyo inayomaliza stendi nyingi. Usiweke stendi kwenye begi moja na kinanda, hata kwa mwendo wa dakika kumi. Shimo moja tu barabarani, chuma kinapiga vitufe. Stendi iwe na mfuko wake, hata kama ni kiroba kilichoshonwa. Ukishaikunja, kaza skrubu zote za mkono, kwa sababu zikiachwa zimelegea hujifungua zenyewe kwa mtikisiko na kudondoka njiani. Chukua skrubu moja uende nayo duka la vifaa vya ujenzi, ununue mbili za namna hiyo, uzifunge kwa tepu ndani ya bomba. Kwenye bajaji mimi hulaza stendi sakafuni, kinanda nakisimamisha kwa ubavu wake mrefu kwenye kiti, vitufe vikitazama mgongo wa kiti, na mkono wangu uko juu yake safari nzima. Bodaboda sipandi nikiwa na vyote viwili. Stendi iliyolazwa kwa upana inagonga kioo cha gari la mtu, au mtu mwenyewe.

Na kwa wanaovuka kwenda Unguja kupiga kwenye harusi: chumvi ya bahari inaanza kula chuma usiku uleule. Ukirudi, ifute stendi kwa kitambaa chenye maji baridi, ikaushe, kisha tia tone la mafuta ya cherehani kwenye pini na kwenye makutano ya mabomba, uifungue na kuikunja mara tatu nne mpaka yaingie.